Tahariri: Programu ikianguka kwa neno "ng'ombe", msiilipe

Tarehe 25 Juni 2020 serkali ya Kongo ilitangaza mwisho wa mlipuko wa kumi wa Ebola, ule ulioanza tarehe 1 Agosti 2018 na kuzunguka Kivu Kaskazini na Ituri hadi kugusa Kivu Kusini. Wagonjwa 3470, vifo 2287. Hesabu hizo kila mkaaji wa huku anazikumbuka. Kuna hesabu ingine ambayo haisemwi sana: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, OMS, watu 250 000 waliandikwa kwa sababu walikutana na mgonjwa, na zaidi ya 303 000 walichanjwa. Kila mmoja wao ni mstari kwenye orodha. Jina lake liko pale, umri, kijiji, na mara nyingi jina la ndugu aliyelala naye nyumba moja akiwa mgonjwa.

Wilayani Mambasa hatuhitaji kuelezwa orodha ya namna hiyo inaweza kuzaa nini. Mwanzoni mwa Novemba 2019, huko Lwemba, mtangazaji wa redio Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akiwahamasisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 ya mwezi ule ule, kambi ya watu wa riposti huko Biakato Mines na biro yao ya Mangina vilishambuliwa, watu wanne wakapoteza maisha. Washambuliaji hawakuhitaji ordinatere. Lakini wakati ule ilitosha jina la mtu kutajwa pamoja na neno Ebola ili asilale tena kwake kwa amani.

Tangu hapo orodha hazikupungua. Kuna za watoto wanaochanjwa, za wanaotumia dawa za ukimwi, za wakimbizi wa ndani wanaongojea msaada, za wanawake waliobakwa ambao vituo vya afya vinawahudumia. Zamani zote zilikaa kwenye kaye, na mwizi alihitaji kuingia ndani ya chumba. Siku hizi zinakaa katika hifadhidata, ile ambayo vijana wa informatiki pale Bunia wanaita tu "baze". Mwenye nia mbaya anaweza kuwa Komanda, anaweza kuwa Kampala, na hakuna bariere itakayomsimamisha njiani. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya jambo ambalo kwa kawaida halifiki kwenye ukurasa huu: namna amri zinavyotungwa ndani ya baze hizo.

Baze nyingi zinasikia lugha moja, SQL. Muuguzi wa Lolwa anaandika jina la kijiji mahali pa kutafutia, anabonyeza, na programu inatunga amri kwa niaba yake: nipe wagonjwa wote wa kijiji hiki. Shida yote iko kwenye hilo neno "inatunga". Chukua mfano wa chifu anayetoa karatasi ya kupeleka dukani. Ameandika "Mwenye duka, mpe huyu", ametia sahihi yake chini, na katikati ameacha nafasi ili mteja ajaze mwenyewe kitu anachotaka. Mteja mwaminifu ataandika chumvi. Mjanja ataandika "chumvi, na ufunguo wa stoo, kisha choma daftari la madeni". Mwenye duka anaona karatasi moja yenye sahihi ya chifu. Anatii.

Baze ni mwenye duka huyo. Haina njia ya kujua sehemu gani ya karatasi ilitoka kwa mwandishi wa programu na sehemu gani ilitoka kwa mtu wa nje, kama vyote viwili viligundishwa pamoja kabla ya kuifikia.

Ujanja huu si mpya. Mmarekani Jeff Forristal aliueleza mwezi wa Desemba 1998 katika Phrack, jarida la wadukuzi. Robo karne baadaye, mwaka 2023, kundi la Cl0p lilitumia kasoro ya aina hiyo hiyo katika MOVEit, programu ya kutumiana mafaili, likapora data za mashirika zaidi ya 2000 duniani. Mwezi Machi 2024 FBI pamoja na CISA, ofisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, waliwaandikia wakubwa wa makampuni ya programu kuwaomba waimalize kasoro hii mara moja, kwa sababu dawa yake inajulikana tangu zamani.

Lakini tusiende mbali. Takwimu za afya za inchi yetu, kutoka kituo cha afya hadi Kinshasa, zinapita kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na inayotumiwa leo katika inchi zaidi ya 70. Data zake zinakaa katika PostgreSQL, baze isiyolipiwa ambayo hata wanafunzi wa Bunia wanaifahamu. Mwezi Juni 2021 watu wa DHIS2 walitangaza kasoro iliyopewa namba CVE-2021-32704. Haikuwa kwenye hesabu za jumla, bali kwenye sehemu inayofuatilia mtu mmoja mmoja, yaani mgonjwa kwa jina lake. Yeyote mwenye ruhusa ya kuingia, hata kama si mkubwa, aliweza kupenyeza amri ya SQL akasoma data, akaibadilisha au akaifuta. Kasoro zingine za ukoo ule zilitangazwa mwaka huo huo, na ingine tena mwaka 2022, CVE-2022-24848.

Kila mara walisema wazi na wakatoa marekebisho. Hilo tunawasifu, maana programu ambayo haijawahi kutangaza kasoro mara nyingi ni programu ambayo hakuna aliyeichunguza. Hatuandiki hapa kwamba mtu alipita mlango huo Ituri. Tunaandika kwamba mlango ulikuwepo, katika kazi ya watu wenye timu kubwa na miaka mingi ya uzoefu. Je, ile programu ya ONG iliyoandikwa kwa wiki tatu na kijana mmoja, kwa mkataba wa miezi sita, ambaye leo ameshakwenda Goma au Kampala kutafuta kazi ingine?

Na ile habari ya "lazima awe na ruhusa ya kuingia" isitutulize. Sote tunajua neno la siri linaloandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya meza ili stajeri naye afanye kazi.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya, hata daktari mkuu wa zone ya afya ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Siku wanapokuletea programu mpya, nenda mahali pa kutafutia jina na uandike: ng'ombe. Ile apostrofi katikati ya neno ndiyo alama ambayo SQL inatumia kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Programu iliyogundisha maneno itafikiri maandishi yameishia kwenye "ng", kisha itakutana na "ombe" na kuchanganyikiwa. Skrini itatoa maneno mengi ya kosa, au itabaki nyeupe. Ukiona hivyo, usisaini karatasi ya kupokea kazi. Programu hiyo imekwisha kukuambia kwamba inachukua maneno ya mtu wa nje kama amri.

 Sisi tunaishi na kosa hilo. Kiswahili chenyewe kimejaa ng', na majina ya watu wetu pia: kuna wanaoitwa M'Munga, kuna wanaoanza na N'. Kwa hiyo baadhi ya wanaprogramu wamezoea kufanya jambo ambalo linatukera zaidi: wanafuta apostrofi kimya kimya. M'Munga anakuwa Mmunga. Skrini haianguki tena, mteja anafurahi, na mtoto ambaye kadi yake ya chanjo ina apostrofi haonekani kwenye orodha. Hatari haikuondoka, ilifunikwa tu, maana apostrofi si mlango pekee. Nafasi ya umri, ambamo namba zinaandikwa bila alama yoyote, inapitika bila apostrofi hata moja. Basi programu ikipita jaribio la ng'ombe, bado haijathibitishwa. Ikianguka, imethibitishwa kuwa mbaya.

Sasa tuseme na wanainformatiki wenyewe, kwa sababu kati yao kuna imani moja inayozunguka: kwamba ukiweka amri zako ndani ya fonksioni za baze, badala ya kuziweka kwenye programu ya nje, uko salama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Fonksioni ya kawaida, ambayo amri yake imeandikwa yote tangu mwanzo, inapokea jina la kijiji kama thamani tu na haiwezi kudanganywa. Lakini fonksioni inayotunga amri papo hapo kwa EXECUTE inarudisha karatasi ya chifu ndani kabisa ya nyumba. Mfano wa kuepuka ni huu:

EXECUTE 'SELECT count(*) FROM ' || tablo || ' WHERE kijiji = ''' || jina || '''' INTO idadi;

Na mfano ulio salama, kwa kazi ile ile:

EXECUTE format('SELECT count(*) FROM %I WHERE kijiji = $1', tablo) INTO idadi USING jina;

Tofauti ni ndogo kwa macho na kubwa kwa kazi. Katika wa pili, jina la kijiji haliingii kabisa kwenye maandishi ya amri. Pale penye $1 pana nafasi, na USING inapeleka jina kwa njia yake ya pekee, baada ya baze kuwa imekwisha kuelewa amri. Mtu akiandika "ng'ombe" au akiandika ukurasa mzima wa SQL, vyote vitatafutwa kama jina la kijiji, na kijiji hicho hakipo. Jina la tablo haliwezi kupita kwa USING, kwa hiyo linapita kwa %I, ambayo inalifunga kama jina la kitu ndani ya baze na si kama sehemu ya amri. Kuna pia %L, ya kufungia thamani ndani ya maandishi. Inasaidia pale USING haiwezekani. Kuna na %s, ambayo haifungi chochote. Ukiiona mbele ya kitu kilichotoka kwa mtu wa nje, ni ule ule mfano wa kwanza uliovaa koti.

Lakini %I inalinda sarufi tu. Hailindi ruhusa. Mtu akiomba tablo ya mishahara badala ya tablo ya chanjo, %I itaifunga vizuri na kumpa. Ndiyo sababu jina la tablo lazima lilinganishwe kwanza na orodha fupi ya majina yanayokubalika, iliyoandikwa na mwenye programu, na lisilo humo likataliwe.

Mara nyingi, hata hivyo, swali la kweli linatangulia hayo yote: kwa nini jina la tablo linabadilika? Tunapouliza, jibu linafanana: kuna tablo moja ya Mambasa, moja ya Mandima, moja ya Lolwa, moja ya Nia-Nia, na mwaka ukianza zinatengenezwa zingine. Hiyo ni tabia ya kaye iliyohamia kwenye ordinatere. Tablo moja yenye safu ya zone na safu ya mwaka inaondoa haja ya kutunga amri, na pamoja nayo inaondoa hatari. Amri salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitaji kutungwa.

Wengine watasema: sisi tunakagua na kufunga alama za kunukuu wenyewe kabla ya kuunganisha, inatosha. Tarehe 13 Februari 2025 watunzaji wa PostgreSQL walitangaza CVE-2025-1094. Ilikuwa kasoro katika zana zao wenyewe za kufunga alama hizo upande wa programu: herufi zilizovunjwa kwa makusudi ziliweza kuponyoka na kufika kama amri kwenye psql, dirisha la kuandikia amri za baze hiyo. Waliigundua watafiti wa kampuni ya Rapid7 walipokuwa wakichunguza kasoro ya BeyondTrust, kampuni ambayo kupitia kwake wadukuzi waliingia katika wizara ya fedha ya Marekani mwishoni mwa 2024. Ikiwa walioandika baze yenyewe walipitwa na jambo hilo, fonksioni ya kubadilisha apostrofi uliyoandika jioni moja haitafanya vizuri zaidi yao. Thamani iliyopelekwa peke yake haina alama ya kuvunja.

Jambo la mwisho la kiufundi, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Fonksioni nyingi zinaandikwa na SECURITY DEFINER. Maana yake: yeyote anayeiita, inafanya kazi kwa nguvu za mwenyewe aliyeiandika, ambaye mara nyingi ndiye mkubwa wa baze nzima. Wanafanya hivyo kwa nia njema, ili muuguzi aone takwimu bila kupewa ruhusa juu ya tablo. Lakini PostgreSQL, fonksioni inapozaliwa, inampa kila mtumiaji ruhusa ya kuiita hadi mtu aiondoe. Weka pamoja: nguvu za mkubwa, mlango wazi kwa wote, na amri iliyogundishwa ndani. Stajeri mwenye neno la siri la kusomea tu anakuwa na funguo zote za stoo. Fonksioni ya namna hiyo lazima ifungiwe search_path yake, ili baze isitafute majina mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuweka tablo au fonksioni bandia. Lazima iondolewe kwa PUBLIC na kupewa wale tu wanaohusika. Na EXECUTE yenye maneno ya kuunganisha isiwe na nafasi humo hata kidogo.

Tunajua watakachotuambia baadhi ya wasomaji. Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021, vijiji vya wilaya ya Mambasa vinashambuliwa na ADF, barabara zinakatika, na gazeti linazungumzia apostrofi? Ndiyo, na kwa sababu hiyo hiyo. Palipo na amani, data ikiibiwa mtu anapokea ujumbe wa matapeli. Hapa, orodha ya kambi inasema familia gani imetoka kijiji gani na iko wapi sasa. Orodha ya msaada inasema nani atapokea pesa na siku gani. Na si lazima kuiba: anayeweza kubadilisha mstari mmoja anaweza kumfuta mjane kwenye mgao na kuweka jina la ndugu yake, bila bunduki na bila kuonekana. Mwezi Januari 2022 Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba wadukuzi walifikia data za watu zaidi ya 515 000, wengi wao wakiwa waliotengana na jamaa zao kwa vita, waliopotea na wafungwa. Walipita kwa kasoro ya aina ingine, katika programu ambayo marekebisho yake hayakuwekwa kwa wakati. Lakini inaonyesha kwamba kuna watu wanaotafuta hasa orodha za wanyonge.

Sheria tunayo. Kodi ya digitali, yaani ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inawapa watu haki juu ya data zao na inawalazimisha wanaozishika kuzilinda. Hatujaona bado mkataba wa programu huku kwetu unaosema kwa maneno gani ulinzi huo utapimwa.

Kwa hiyo tunaiomba divisheni ya afya ya mkoa wa Ituri, na ONG zote zinazoandikisha watu wilayani Mambasa, waweke mambo matatu katika kila mkataba kabla ya malipo ya mwisho. Maandishi yote ya programu pamoja na fonksioni za baze yabaki mikononi mwa mwenye kazi, siyo kwenye ordinatere ya kijana aliyeondoka. Mtu wa pili, asiyekuwa aliyeandika, azisome fonksioni hizo. Na marekebisho ya DHIS2 na PostgreSQL yawe na mtu anayeyawajibikia kwa jina, hata mwaka wa mradi ukiisha.

Wenye baze zinazofanya kazi tayari wasingoje mkataba mpya. Mstari huu mmoja, ukiandikwa leo kwenye PostgreSQL, unaorodhesha kila fonksioni yenye neno EXECUTE ndani yake na kuonyesha ipi inatumia nguvu za mwenyewe:

SELECT proname, prosecdef FROM pg_proc WHERE prosrc ILIKE '%execute%';

Zilizo na alama ya "t" kwenye safu ya pili zisomwe kwanza.